Kuitwa Yaya

Jumanne, Shituru

Bado nina hasira, ila sasa sijui nimkasirikie nani.

Nimesafiri siku nyingi kutoka Tabora, nimevuka mpaka kuja huku kwao mume wangu, sanduku la vyombo limepotelea kwenye treni, nyumba nimeikuta mabomba makavu na umeme hakuna, halafu wifi yangu Kapinga ananiita yaya. Mara tatu, mbele ya majirani. "Yaya, mayi ya kunawa iko hapa." Kwetu yaya ni mtumishi, analea watoto wa watu.

Ya tatu nikamkatiza. "Mimi si yaya wa mtu. Nimeolewa na kaka yako." Akatua ndoo, akaondoka.

Jioni mume wangu aliporudi kutoka kiwandani nikamshtakia. Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe hapa yaya ni dada mkubwa. Msichana alikuwa ananipa heshima mtaa mzima usikie, na maji yale aliyafuata mtoni alfajiri.

Nikaenda jikoni kumwomba radhi. Alikuwa anapuliza makaa.

"Kapinga, mdogo wangu," nikasema.

Hakugeuka. "Oui, madame," akaitikia kwa Kifaransa, kama mtumishi kwa bosi wake.