Alama Tatu Zako, Mbili za Shee

Baba yangu mpenzi,

Najua aliyelala makaburini Chula hasomi barua. Nakuandikia hata hivyo, kwa sababu swali nililo nalo linahusu mgongo wangu, na wewe uliujua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Unakumbuka siku nilipoteleza juu ya mataruma ya chombo ulichokuwa ukikiunda, nikaangukia gogo? Siku ya tatu nilishindwa kurukuu katika swala. Ulinilaza kifudifudi mkekani, ukabonyeza mfupa mmoja mmoja kwa kidole gumba. "Hapa? Au hapa? Niambie kweli, nisije nikachoma palipo pazima." Mama alinishika kichwa, ukanigusa kwa chuma cha moto mara tatu, kila mara na bismillahi yake. Nilipiga kelele mpaka majirani wakaja. Ukacheka, ukasema kwa Kibajuni chetu: "Mchu anayelia hivi hafi leo."

Mgongo haukupona sawasawa, hilo tunalijua sote wawili. Asubuhi za baridi ulikaza. Lakini nilifanya kazi. Huku mto Juba, katika shamba la ndizi la Mtaliani, nimebeba mikungu misimu miwili na sikuwahi kulala kibandani wenzangu wakienda kazini.

Halafu lori. Lilikuwa likitupeleka shamba la pili, tumekaa juu ya masanduku. Dereva aliinama kuwasha sigara, gurudumu likatoka kwenye tuta la mfereji, gari likalala ubavu. Wenzangu walichubuka. Mimi nilianguka chali, na tangu saa ile mguu wa kushoto una ganzi.

Daktari wa shamba huja Alhamisi tu, na ile ilikuwa Ijumaa. Shee wa kisiwa cha Ngumi, ninayelala naye kibanda kimoja, akafanya ambalo ungelifanya wewe. Alitia chuma motoni akanichoma mara mbili, kando kabisa ya alama zako. Hakuna Mbajuni ambaye angefanya vingine. Wala hatukufikiri kwamba tunajiharibia.

Daktari alipokuja aliutazama mgongo bila kuugusa. Mkalimani, mtu wa Kismayo, akaniambia, "Asema umechomwachomwa. Maradhi haya ni ya zamani, umekuja nayo. Shamba halidaiwi kitu."

"Mwambie alama tatu ni za baba, mbili ni za juzijuzi. Hizo mbili hazijakauka."

Daktari akavaa miwani, akainama. Nilihisi pumzi yake kwenye ngozi. Akauliza swali ambalo mpaka leo nalipenda: kabla ya lori, mgongo ulikuwa ukiniuma, au haukuniuma?

Shee alikuwa mlangoni, anatikisa kichwa kama mbuzi aliyeingiwa na nzi sikioni. Nikasema ulikuwa ukiniuma.

"Ala!" Shee alinifokea tulipotoka. "Mgongo wako una nakshi kuliko mlango wa Lamu, na wewe unawaonyesha nakshi moja moja! Si ungesema ulizaliwa juzi?"

"Angeniamini?"

"Asingekuamini. Lakini angechoka."

Tangu hapo najichunguza, baba, kama ulivyokuwa ukigonga mbao na kutega sikio. Maumivu yako nayajua. Yako katikati ya mgongo, huja na baridi, hubisha hodi, na jua likipanda huaga. Haya mageni hushuka mpaka kisiginoni, na nikikohoa tu yameshaingia. Ni mawili, siyo moja. Nina hakika nayo kama nilivyo na hakika ya vidole vyangu. Lakini nikilala najiuliza: haya mageni yangepata wapi mlango, kama yale ya zamani hayakuufungua? Wenzangu wanane walianguka nami. Mbona wao wanatembea? Na kama mlango ulikuwa wazi, aliyeingia kwa nguvu huwa hana kosa? Wewe ungebonyeza wapi?

Jana karani wa shamba aliniita. Nikitia sahihi karatasi yake, nitaondoka na gari la kesho mpaka Kismayo, na huko nitapewa nafasi chomboni mpaka nyumbani. Mkalimani alinisomea: mfanyakazi huyu alikuwa mgonjwa wa mgongo kabla ya kuajiriwa, na hana dai lolote. Nisipotia, nitasubiri jibu la wakubwa wa Kismayo. Huenda nikafukuzwa mikono mitupu, na mikono hii haiwezi tena kubeba hata mkungu mmoja.

Nimechoka, baba. Nataka kumwona mama. Nilishika kalamu.

Maneno ya kwanza ya karatasi yalikuwa kweli, ndiyo maana yalinitia uzito. Basi niliandika jina langu, na chini yake, kwa herufi za Kiarabu nilizojifunza chuoni, nikaongeza mstari mmoja: "Nilikuwa mgonjwa, na nilikuwa nikifanya kazi; tangu gari lao lianguke, siwezi."

Karani aligeuza karatasi huku na huku. "Umeandika nini hapa?"

Mkalimani akamsomea. Karani akasema nimeiharibu karatasi, na garini sipandi. Mkalimani akamjibu kitu kwa Kitaliani, taratibu, na karani hakuichana. Aliitia katika bahasha ya Kismayo.

Gari la kesho litaondoka bila mimi. Shee ananitengenezea fimbo ya mkoko ya kutembelea, ananitukana huku akiichonga. Nitangoja.

Mola akupe raha huko uliko, na mama umwache kwangu kwa sasa.

Mwanao, uliyemchoma mara tatu tu