Shamroki za Shangazi Nuala

Skibbereen, 5 Machi

Kwako Shangazi Nuala, huko Boston,

Sisi wazima. Kondoo wameanza kuzaa. Mkate wangu wa magadi uliungua chini, lakini Mama amekubali nioke mwingine Sikukuu ya Mtakatifu Patriki.

Jana mezani nilisema kwamba siku hiyo nitakuwekea sahani. Baba hajalitaja jina lako tangu ulipokosa kuja kumzika Bibi.

"Karani mzima wa halmashauri," akanisuta, "hujui nyumba hii ina watu wangapi?"

"Najua, Baba. Watatu, na Shangazi wa nne. Nitaiweka."

Akatoka bila koti, mvua ikinyesha. Aliporudi alinitupia kitita cha shamroki, majani tunayowapelekea watu wetu wa ng'ambo kila Machi.

"Tia kwenye barua yako. Na ole wako umwambie nani kachuma!"

Ofisini sithubutu hata kufungua dirisha bila ruhusa, lakini amri hii ya Baba naivunja. Kachuma yeye, Shangazi, kwa kupiga magoti; suruali yenye tope nimeifua mwenyewe asubuhi. Sahani yako nimekwisha kuitoa kabatini. Njoo.

Mwanao asiyerudi nyuma,
Dervla