Baba, Tumebadilisha Tairi Zote

Ruiri, Meru
Jumapili, baada ya kanisa

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku chini kwenye jua, wewe uliyeko huko kwenye ukungu na sweta. Masikio yanaendeleaje? Na goti la Mama, bado linamsumbua akiteremka kwenda kuchuma majani chai? Nimesikia mvua imenyesha vizuri Kianjokoma na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Nimefurahi sana. Sisi hapa tuko salama. Mkweo Mwenda anang'ang'ana na vitunguu vyake, mimi bado niko pale shuleni nafundisha, na mjukuu wako Makena ameng'oka meno ya mbele, sasa hata jina lake mwenyewe linamshinda kutamka.

Kaka Njeru amenipigia simu akaniambia humpi amani. Kila akiingia nyumbani unamwuliza, "Wawira alipata ajali gani?" na majibu yake hayakutoshi. Akasema simu hutaki kwa sababu unasikia upepo tu, na kwamba nikuandikie, tena kwa Kiswahili, maana Kiembu changu siku hizi kimeingiwa na Kimeru mpaka unakisoma ukicheka peke yako. Haya Baba. Vaa miwani, nikueleze vile ilivyokuwa.

Siku hiyo nilikuwa nimempeleka mama mkwe wangu kliniki Meru mjini. Unajua Mama Mwenda ana presha, na kila mwezi lazima apimwe na apewe dawa. Mwenda alikuwa shambani, kwa hivyo nilichukua lile gari letu la viti saba, yeye akakaa mbele na Makena nyuma. Tulipomaliza tukanunua ndizi, tukaanza kuteremka kurudi nyumbani. Jua lilikuwa kali. Tumeshapita miteremko ile mikubwa, barabara imenyooka, nasikia mlio kama mtu amepiga bati kwa nyundo. Gari likaanza kuyumba mkia, huku na huku. Ilikuwa tairi ya nyuma, upande wa kushoto.

Baba, nilikusikia wewe. Sauti ile ile uliyonifundishia kwenye barabara ya kiwandani, ulipokuwa bado unaendesha lori la majani chai: "Usikanyage breki! Shika usukani, liache lichoke lenyewe." Nikashika. Mguu niliutoa kwenye mafuta polepole. Gari likatoka nje ya lami, likapita kwenye nyasi, likavunja ua wa shamba la mtu na kusimama katikati ya mahindi. Makena hakupata hata mkwaruzo. Mama Mwenda alijigonga mkono, ukavimba. Mimi niliumia kifua kidogo kwa ule mkanda. Watu walikuja mbio, mwenye shamba akatuletea maji, wala hakuuliza habari ya mahindi yake mpaka tulipotulia. Ndiyo hiyo ajali. Hakuna aliyelazwa, hakuna aliyevunjika, na sikutaka uisikie nusu nusu kwa simu.

Lakini lililofuata ndilo lililonisumbua zaidi. Mwenda alikuja na fundi, wakatoa ile tairi iliyochanika, wakaweka nyingine ya mitumba waliyoipata hapo sokoni. Akaniambia, "Sasa gari iko sawa." Nikamwambia haiko sawa. Akasema, "Hizi zingine ziko na meno mazuri, angalia." Na kweli meno yalikuwepo. Ukiziona kwa mbali ungesema zimenunuliwa juzi. Lakini niliinama nikatazama ubavuni, nikaona nyufa nyembamba zimezunguka, kama kisigino cha mtu anayetembea bila viatu wakati wa kiangazi. Hata ile iliyopasuka ilikuwa na meno. Zilikuja na gari tulipolinunua, na kwa miaka yote hiyo zimeanikwa kwenye jua hili la Ruiri. Mpira pia huzeeka.

Tukagombana, Baba. Sikufichi. Yeye alikuwa na mpango wa pampu ya maji, kwa sababu vitunguu bila maji ni bure, na mimi nilijua anasema kweli. Akaniuliza, "Tutakula tairi?" Nikamjibu vibaya. Tukalala kila mtu amegeukia ukuta wake. Tangu siku hiyo sikugusa ufunguo. Nilikuwa naenda shuleni kwa bodaboda, nikisema ni kwa ajili ya kuokoa mafuta. Ukweli ni kwamba kila nilipokaribia mlango wa dereva niligeuka nikarudi ndani.

Siku ya kliniki ikafika tena. Mama Mwenda akatuambia tusijali, jirani yake ana safari ya Meru na watakwenda pamoja. Aliondoka asubuhi amevaa kitambaa chake cha kanisani, akarudi jioni, akasema presha imepimwa na iko vizuri. Tukamshukuru Mungu.

Halafu wiki iliyofuata alianguka zizini. Alikuwa amembebea ng'ombe nyasi, akaona kizunguzungu, akakaa chini kwenye matope. Mwenda alimkuta hapo, akambeba mpaka ndani, akaenda kutafuta dawa zake mahali anapoziweka. Mkebe ulikuwa mtupu. Hakukuwa na dawa hata moja.

"Mama, si ulienda kliniki?"

Mama akajipangusa matope mikononi. Halafu akasema, "Nilienda kwa dada yangu, nikakaa huko mpaka jioni."

"Kwa nini?"

Alidhani mimi niko jikoni, Baba, lakini nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji. Akamwambia mwanawe, "Nikiingia kwa hiyo gari ninasikia tena ule mlio wa tairi. Pikipiki nayo siwezi na huu mgongo. Na nikisema siitaki gari, Wawira ataona ni yeye ninamkataa. Yeye ndiye alituokoa. Nitamwambiaje hivyo?"

Uji ulinimwagikia mkononi. Mwenda aliuweka ule mkebe chini. Alitoka akaenda kusimama kwenye gari, akainama, akapitisha kidole kwenye zile nyufa, tairi moja baada ya nyingine. Akarudi akaniambia, "Kesho tunampeleka Mama kwa daktari na gari ya kukodi. Tukitoka huko tunatafuta tairi. Zote nne na spea. Pampu itangoja." Nilimwekea chakula, naye akajua ugomvi umeisha.

Daktari alimgombeza Mama kidogo, akampa dawa. Tulipotoka tukaenda kwa duka la Bwana Hassan, mzee mmoja Mwislamu ambaye familia yake imeuza tairi Meru mjini tangu zamani. Hapo ndipo ungecheka. Tulikuwa tumepatana nyumbani kabisa, lakini tulipofika mbele ya zile tairi zimepangwa hadi darini, kila mtu alivutwa na yake. Mwenda alikwenda moja kwa moja kwa zile za matope, zenye meno makubwa kama jembe. Tena alitaka saizi iliyozidi, gari lisimame juu. Mimi nilitaka za lami, laini, zisizopiga kelele.

Bwana Hassan akatuuliza, "Gari hili siku nyingi linakwenda wapi?"

Mwenda akasema, "Shambani. Mvua ikinyesha ule udongo mweusi unatushika kama gundi."

Nikasema, "Shuleni, kanisani, kliniki. Lami tupu."

"Na kutoka lami mpaka mlangoni kwenu?"

"Mawe," tukajibu wote pamoja.

Akacheka, akatuvutia viti. Akasema zile za matope ni nzuri kwa matope, lakini kwenye lami zitanguruma hadi tusisikizane ndani, mafuta yatakwenda, na mvua ikiwa juu ya lami hazishiki vizuri kama zile zingine. Zangu nazo zingetembea vizuri mjini, lakini mawe ya kuingia kwetu yangezikata ubavu. Akatuonyesha za kati, zenye meno ya wastani na ubavu mnene. Mwenda hakupenda. Akasema, "Na shamba je? Nitakwama." Nikamwuliza, "Mwaka jana ulikwama mara ngapi?" Akafikiri. "Mara mbili." "Na Mama anaenda kliniki mara ngapi?" "Kila mwezi," akakubali. Kisha akaniambia polepole, "Na wewe ukisema za lami, siku ile mtoto ana homa na mvua imenyesha, nani atatutoa kwenye lile tope la kando ya mto?" Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikakubali kwamba yeye pia ana haki. Tukachukua za kati, kwa kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva, bila kuongeza.

Mama Mwenda alikuwa amekaa pembeni na chai ya tangawizi aliyopewa. Akainuka, akaja, akaibonyeza tairi kwa kidole gumba kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Akasema, "Hii bado haijaiva. Tuchukue." Bwana Hassan alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha Mwenda akafanya jambo lililonigusa. Alipiga magoti sakafuni na suruali yake ya kutokea, akaanza kusoma zile namba nne za ubavuni zinazoonyesha wiki na mwaka ambao tairi imetengenezwa. Moja baada ya nyingine. Ya nne ilikuwa imekaa dukani miaka mingi kuliko wenzake. Akasema, "Hii hapana." Bwana Hassan akaisoma mwenyewe, akaomba radhi, akaagiza nyingine iletwe kutoka stoo. Keshoye Mwenda alilileta gari polepole, wakazifunga, wakajaza upepo, wakanyoosha magurudumu. Zile kuukuu alikataa kuziuza. Alisema hataki mtu mwingine azivae barabarani, na sasa tumepanda sukuma wiki ndani yake.

Aliporudi alininyooshea ufunguo. Nikasema bado. Hakunisukuma, Baba. Akautundika kwenye msumari wake, na siku zikapita.

Sasa sikiliza. Alhamisi iliyopita ilikuwa kliniki, na Mwenda alikuwa ametuahidi kuendesha. Asubuhi mnunuzi wa vitunguu akaja na lori lake bila kusema, na vibarua tayari wameingia shambani. Mwenda alisimama pale njia panda, hajui aache vitunguu au amwache mama yake. Nikaangalia garini, nikaona Mama Mwenda amekwisha kuingia. Amekaa kiti cha mbele, mkanda amejifunga, mkoba mapajani.

Nikamwendea nikamwambia, "Mama, tunaweza kukodi gari."

Akasema, "Tunachelewa."

"Mama, mimi naogopa."

"Hata mimi," akasema. "Tutaogopa tukienda."

Nikaingia. Nilikaa kidogo mikono ikiwa kwenye usukani, nikaomba, nikawasha. Kwenye mawe gari lilitembea kama limevaa viatu vipya vya ngozi. Kwenye lami niliendesha polepole hadi lori la ng'ombe likatupita. Tulipofika pale kwenye lile shamba la mahindi, nilipunguza mwendo zaidi, nikaona ua umejengwa upya. Mama alianza wimbo wa kanisani, kwa sauti ya chini, nami nikaupokea, na tulipomaliza ubeti wa pili mahali pale palikuwa nyuma yetu. Hospitalini presha yake ilikutwa imeshuka. Bahati yangu, mimi hawakunipima.

Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Mwari, binti yangu, miaka yote umekaa kwetu na mimi sijawahi kuona kwenu. Majani chai ninayakunywa tu, mti wake siujui." Nikamwambia Kianjokoma ni mbali, kuna kona nyingi na madaraja, na huko mwisho utelezi mtupu. Akaniuliza, "Si ndiyo sababu mlinunua hizi?"

Kwa hivyo Baba, shule zikifungwa tunakuja. Mwenda atakaa nyuma na Makena, amekubali mwenyewe, ingawa amesema atakuwa akifunga macho kwenye kona. Mwambie Mama asihangaike na kuchinja; mukimo wa viazi na chai ya maziwa vinatosha. Msalimie sana, na kaka yangu Njeru umwambie asante kwa kunisumbua mpaka nikaandika. Salamu kwa mke wake na kwa shangazi yule wa Gachoka, akifika umsomee barua hii, anapenda habari ndefu. Mama Mwenda anakusalimu pia, anasema uandae mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuchuma.

Na siku hiyo ukiona gari limesimama langoni, Baba, usinitafute upande wa abiria.

Ni mimi binti yako,
Wawira