Pete Nyeusi Kwenye Picha

2 Mei
Dada mpenzi,
Shikamoo. Wanao hawajambo? Mimi nimenona kwa mahaba! Seremala wangu amenitengenezea meza ya kujipambia, na kila asubuhi huandika jina langu kwenye vumbi la mbao. Ndoa tamu jamani! Ila mkojo unaniunguza, na jana ulikuwa na damu. Jirani alicheka: "Ugonjwa wa maharusi huo, kunywa maji." Tena mkojo unatoka na upepo, pwu-pwu! Nilicheka peke yangu bafuni, kisha nikageuka nyuma. Ilikuwa kama kuna mwingine aliyecheka.
Mdogo wako

7 Mei
Mdogo wangu,
Marahaba. Sisi wazima. Wiki ya mwisho ya uhai wake, ukiwa bwenini, mama alisema, "Leo nakojoa upepo kama baluni." Nikamwambia, "Mama, acha vituko." Alikuwa na kisukari, kama wewe. Mumeo anajua? Nenda hospitali ukapigwe picha ya tumbo. Leo, si kesho.
Dada yako

11 Mei
Dada,
Shikamoo. Hajui. Vidonge vya sukari nimeviacha tangu harusi, viko ndani ya kiatu changu cheupe. Ajue kaoa mgonjwa, na maua ya harusi hata hayajanyauka? Nitaenda Jumatatu, naapa. Anayecheka bafuni ni mama. Ila sasa hacheki, ananiita.
Mdogo wako

20 Mei
Mdogo wangu,
Jumatatu imepita. Nimeenda posta mara tatu. Niandikie hata neno moja. Na ukimwona daktari, niulizie: mama angepona?
Dada yako

29 Mei
Dada yangu,
Usilie, ninapona. Nilianguka sebuleni, mume wangu akanibeba mgongoni hadi hospitali. Altrasaundi ilionyesha ukungu mtupu, wakaniingiza kwenye mashine ya duara. Daktari wa picha akanionyesha: kibofu changu kimezungukwa na pete nyeusi, mapovu mapovu. "Hewa," akasema. "Bakteria wanakula sukari, wanajaza gesi ndani ya ukuta wa kibofu. Ni nadra kuiona hii."

Nina mpira wa mkojo na dawa za mshipani. Seremala wangu alivikuta vidonge kiatuni. Hakugomba. Alisema tu, "Si ungeniambia, nikutengenezee kabati?" Nampenda mpaka basi!

Msalani hapa wodini haniiti mtu.

Swali lako kuhusu mama nilimuuliza daktari. Alinijibu, lakini jibu lake si la kuandika kwenye barua.

Njoo, dada. Njoo kwanza tukae.
Mdogo wako