Poda ya Mapalo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nilimpa mtu mwingine umama wangu na sasa sijui namna ya kuurudisha. Nafua nguo kwa Madamu Constance, mjini, naye alisema binti yangu Mapalo ana akili, asipotelee katika shule yetu hapa mtaa wa Kenya ambako watoto wanakaa chini, basi tukaenda kwenye shule nzuri, lakini direkta, yaani mkuu wa shule, anawahoji wazazi kwa Kifaransa, mimi nikabaki nje ya geti, Madamu akaingia akasema, "Ni mtoto wangu," Mapalo akapokelewa, nami nikafurahi. Juzi Mapalo alisahau mkate wake, nikampelekea, rafiki yake akamuuliza mimi ni nani, akajibu, "Ule? Iko mama anafulaka kwetu," yaani mfuaji wao tu. Nilimpa mkate nikaondoka. Sasa anamaliza darasa la sita, proklamasyo, siku ya kutangaza matokeo, imekaribia, nimeshanunua poda ya kummwagia kichwani kama mama yeyote ambaye mtoto wake amefaulu, lakini ananisihi, "Mama, usikuye. Bataniuliza." Je, nibaki nyumbani?

Mama Mapalo, mtaa wa Kenya

Mpendwa Mama Mapalo, "Mtoto wa mama asiyejua Kifaransa huwarudisha wenzake nyuma." Ndivyo wanavyojitetea madirekta wanaomhoji mama badala ya kumpima mtoto. Uongo! Mapalo amelelewa kwa Kiswahili cha mtaa wa Kenya miaka yote hiyo, na darasa lao halijaanguka. Pale getini wanawachuja watoto kwa mitaa wanakotoka.

Nakuonea uchungu, mama. Lakini nakugombeza pia: ulimfundisha mtoto kudanganya, hukumweleza kwa nini. Akajieleza mwenyewe: mama yangu hatoshi. Usimchape kwa jibu lile. Sisi watu wazima ndio tuliomkaririsha.

Jioni hii mkalishe, umsimulie ulivyosimama nje ya geti, na nani alikuweka pale. Kesho, kabla ya kugusa sabuni, mwambie Madamu Constance kwamba unamshukuru kwa wema wake, na kwamba mwana ni wako. Siku ya proklamasyo naye aje, akae kando yako. Direkta akikuita mwongo, mjibu kwamba mlidanganya geti. Mtihani Mapalo aliufanya mwenyewe. Na binti akiinamisha kichwa kwa aibu, mmwagie poda hapo hapo kilipoinama.

Nanyi wazazi mnaowahi viti vya mbele siku ya proklamasyo: mkimwona mama amesimama nyuma na kopo la poda mkononi, inukeni, mpisheni apite.