Mahali, Si Mahari

Baba,

Habari za huko? Sisi tuko, na mimi niko Kitale! Nimefika juzi kutoka Uturuki. Nakuandikia kutoka Tuwan, jikoni kwa dada yangu Nasimiyu, nikila mahindi ya kuchoma mpaka taya zinauma. Kesho asubuhi naenda Bungoma, nyumbani, kukuona pale walipokulaza. Nimeitamani siku hii tangu ulipotutoka.

Shida yangu uliijua. Kibali cha kukaa kule nilipewa cha mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka naomba upya nikitetemeka kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Ulipofariki, karatasi zangu zilikuwa bado ofisini. Ningetoka, pengine nisingeruhusiwa kurudi, na biashara yangu yote ya kutuma nguo huku iko kule. Nikakuzika kwenye simu, Baba. Mtandao ukakatika wakikushusha. Nililia mpaka jirani yangu Mturuki akaniletea chai.

Wenzangu wakaniambia, ati ukiwa na nyumba yako mwenyewe kule, kibali hakisumbui sana. Unatoka na unarudi. Basi nikajifunga mkanda. Nimekula wali mtupu, weee! Mwishowe nikanunua fleti, vyumba viwili, ghorofa ya nne, na kibali nikapata.

Sasa cheka. Siku niliyosaini nilimpigia Mama, furaha imenijaa, nikamwambia, "Mama, nimepata mahali Uturuki!" Unajua vile kwetu l na r hazina mwenyewe. Si wewe ulitangaza kanisani ati kila mtu akae "mahari pake", pasta akafikiri unaoza binti? Basi Mama akasikia mahari. Mturuki ametoa mahari! Hakuuliza swali la pili. Alikata simu akapige vigelegele.

Kufika jioni, ukoo mzima umejua. Senje, huyo dada yako wa Chwele, akapanda bodaboda na majogoo wawili mapajani, akaja nyumbani kuuliza Waturuki wanaleta ng'ombe wa aina gani. Baba mdogo akaanza kukata miti ya zizi. Mimi sina habari. Senje akanipigia, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni mzee?" Nikadhani anauliza nyumba, si unajua vile tunaongea. Nikamjibu, "Ya zamani kidogo, Senje, lakini imepakwa rangi vizuri. Na mama aliyekuwa nayo kabla yangu aliitunza sana." Senje akakata simu hapo hapo. Nikafikiri mtandao umepotea tena.

Ilipojulikana ni nyumba, Mama alininunia siku mbili. Majogoo waliliwa hata hivyo, bana, wangerudishwaje? Laiti ungekuwepo. Wewe ndiye ungecheka mpaka ushike mbavu, halafu uwahadithie watu wa soko hadithi hiyo mwaka mzima ukiongeza chumvi. Nimekukosa sana hapo.

Lakini Senje hakuwa amemaliza; alinipigia tena, ndugu wote wakiwa pale. "Ghorofa ya nne? Umenunua hewa, mtoto wetu! Sukuma wiki utapanda wapi? Na ukifa, tukuzike kwenye ngazi?" Wote walicheka, na mimi nikacheka nao. Halafu simu ikazimwa, nikabaki nimekaa kwenye sakafu ya nyumba yangu, bado haina hata kiti. Kumbe walifikiri nimehama. Mama pia, ndiyo maana alininunia. Hakuwa na hasira ya ng'ombe. Aliogopa kwamba mtoto wake ameshapata kwao kwingine.

Jana Mama alikuja hapa Tuwan kunipokea, nikamweleza ana kwa ana, nikimshika mkono. Nilimwambia, "Mama, nyumba ile sikuinunua ndiyo nikae. Niliinunua ndiyo niweze kurudi huku." Alinitazama, akafuta macho kwa leso, akaniuliza kama nimekula. Ameanza hata kuuliza kama kule kuna baridi, na kama ataruhusiwa kubeba unga wake. Nitampeleka aone, Baba, na nitamrudisha mwenyewe.

Lala salama, mzee wangu. Nakuahidi kila mwaka wakati wa kuvuna utaniona. Na kesho nitakaa kando yako mpaka nichoke, na hakuna mtu atakayeniuliza kibali.

Mwanao,
Nanjala