Spika Niliyofunga Kwa Ndege ya Arap Sang

Londiani, Jumatatu

Wangari wa mama yangu,

Mimi ndugu yako Kamau nina miaka sabini na tisa. Nimezika ndugu zetu wawili na mke mmoja, nimezika madaktari wawili waliosema tumbaku itaniua, na zile redio kubwa za mbao nilizikuta zikiwa mpya dukani nikaziona zikigeuzwa viota vya kuku. Bado niko. Goti la kushoto tu ndilo linanisumbua mvua ikinyesha, na huku mvua haiombwi. Wewe je, ule mguu umepona? Ile ng'ombe nyeusi imezaa ama bado inakudanganya?

Simu nimekataa kupiga. Wewe ukishika simu unaweka sauti kubwa, na jikoni kwako watu hawakosi. Hii maneno isome peke yako kwanza. Nimeambiwa yule mtoto wa ndugu yetu anayenunua viazi huku amerudi Kangema akatangaza kwamba mzee Kamau alikaribia kuua mtu na redio. Yeye alisikia stendi. Sasa sikia mimi.

Karibu na Kaplong kuna mtu anaitwa Arap Sang, mkulima wa majani chai. Zamani alikuwa makanika wa ndege za kunyunyizia ngano dawa huko Narok, na huko wakamfundisha mpaka kuendesha. Alipostaafu akaanza kujenga ndege yake mwenyewe, ya watu wawili, ndani ya banda la ng'ombe. Miaka sita! Ng'ombe wakalala nje. Mkaguzi wa ndege akaja kutoka Nairobi, akaangalia mabawa, injini, dira, kila kitu, akasema yote ni sawa isipokuwa redio. Weka redio inayosikika, ndio uruke. Sasa ukitaka redio huku kwetu, kuanzia hapa mpaka Sotik, utaulizia nani? Hata adui zangu wangekutumia kwangu.

Nikaenda na begi langu la vyuma. Wangari, nilichoona nyuma ya dashibodi ya ile ndege kilinitoa hamu ya chakula. Kabla yangu alikuwa ameita fundi wa simu. Huyo mtu alikuwa ameunga waya za nyumba, zile za kuwashia balbu, akazifunga na kamba ya mkonge na plasta ya kidonda. Plasta! Panya walikuwa wamezaa hapo. Kwa kiti cha rubani kuku alikuwa ametaga, na mavi yake yameshuka mpaka kwa swichi za kuwashia injini. Nikamwambia Arap Sang, "Hii ni ndege ama ni boma?" Akacheka. Mimi sikucheka. Nilitoa hizo takataka zote kwa mkono, nikanawa na mafuta ya taa mara mbili, na bado ile harufu ilinifuata kitandani.

Halafu nikafanya kazi. Nilikata bati la dashibodi na msumeno mdogo mpaka redio ikaingia bila kulazimishwa. Nikavuta waya mpya, kila moja na njia yake, antena nikaifunga chini ya tumbo. Injini ikiwaka redio ilikuwa inakoroma kama mlevi, kwa sababu ya cheche za plagi. Nikavisha waya za plagi nguo ya chuma, ikanyamaza kabisa. Nani angejua hiyo? Niambie jina moja.

Sasa ndio tunafika mahali pabaya. Arap Sang alisema anataka hedifoni tu, ile ya kufunika masikio. Mimi tangu nianze kazi sijawahi kurudishia mtu redio haina spika. Redio bila spika kwangu ni kama kuku bila kichwa. Yeye alikuwa ameenda Nairobi kumwona mkaguzi, kwa hivyo sikuuliza mtu. Nilitoa kwa begi spika ya redio ya zamani, nzito, sumaku yake kubwa kama sahani ya kikombe, nikaifunga nyuma ya dashibodi mahali palipokuwa wazi. Pale palipokuwa wazi ni nyuma ya dira. Ile redio ilikuja na karatasi ya maagizo. Niliiwekea kikombe cha chai juu. Herufi zake zilikuwa ndogo, na mimi na kusoma unatujua.

Siku ya Alhamisi mke wake, Mama Chebet, akaniletea chai. Huyu mama hana heshima ya bure. Akaingiza kichwa ndani ya ndege, akaangalia dira, akaniita babu kwa Kikuyu chetu, akaniuliza, "Guka, kituo cha kununulia majani kiko upande gani?"

Nikamwonyesha, pale mbele ya pua ya ndege.

"Na jua linatokea wapi?"

"Mama, niko kazini."

"Linatokea pale kituoni. Miaka thelathini nimebeba kikapu nikienda huko na jua likiniingia machoni. Na hii dira yenu inasema huko ni kusini."

Nikamwambia, "Wewe jua majani, mimi nijue redio."

"Sijasema redio. Nimesema dira."

"Dira mkaguzi alipitisha! Wewe ni mkaguzi?"

Akaweka birika chini. Kulikuwa na wanawake wawili wa kuchuma, wanangoja maziwa, wakasogea kusikia. Akasema, "Sawa, Guka. Kama hiyo kitu ni nzuri, Jumamosi utapanda na mzee wangu. Kiti kiko."

"Nitapanda!" nikasema. Wale wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikanywa chai kama mtu ambaye hajasema kitu.

Lakini sikulala vizuri. Ijumaa asubuhi nikaingia kwa kile kiti, nikafungua skrubu nne za ile spika, nikaivuta nyuma kidogo. Dira ikasogea. Nikairudisha, ikarudi kwa uongo wake. Nikaitoa kabisa, ile dira ikazunguka polepole mpaka ikaangalia kituo cha majani na kusema mashariki, wazi, kama mtoto aliyeulizwa jina.

Ni sumaku ya spika yangu iliyokuwa inaivuta. Wewe unajua mawingu ya huku, yanaweza kukushukia saa nane mchana usione hata mikono yako. Mtu akiwa juu, ndani ya wingu, anashika dira peke yake. Na hiyo dira hakuna mtu angeiangalia tena, kwa sababu mkaguzi alikuwa ameipitisha kabla yangu. Ningemwelekeza Arap Sang kwa milima na mkono wangu huu. Niliona ile plasta ya fundi wa simu ilikuwa afadhali, maana hiyo ilionekana.

Ningeweza kuificha spika kwa begi. Nisikudanganye, nilikuwa tayari nimefungua zipu. Ndipo Arap Sang akaingia bandani na viatu vya safari. "Mzee, unatoa nini?"

Nikasema, "Natoa ujinga wangu."

Nikamweleza yote. Hakunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma. Aliishika ile sumaku, akaipeleka karibu na dira, akaitoa, akaipeleka tena, mara tano. Halafu akasema Jumamosi hakuna kuruka, dira lazima ipimwe upya. Mkewe alikuwa mlangoni. Jumapili kanisa lote lilijua, na stendi ikajua, na viazi vikajua.

Wakapima wiki nzima. Jumamosi hii iliyopita Mama Chebet akanitumia ujumbe: "Guka, kiti bado kiko." Nikaenda. Ningefanya nini? Nilivaa koti la kanisani. Wangari, kupanda juu ni kitu chafu. Tumbo lilibaki chini kwa majani chai, na kilichokuwa ndani yake nilikiweka kwa kofia. Redio yangu ilisikika safi kama mtu amekaa kati yetu. Halafu wingu likatoka upande wa Sotik likatufunga, nyeupe kila mahali. Arap Sang hakuniangalia mimi. Aliangalia dira, akageuza, akashuka, na uwanja ulikuwa pale.

Nisalimie mke wa marehemu ndugu yetu, mwambie ile dawa ya goti ilinisaidia. Salimia mjukuu wako mwalimu ambaye atakusaidia kusoma hapa nilipoharibu herufi. Yule wa viazi usimsalimie mpaka asome hii barua yote kwa sauti, akiwa amesimama.

Ni mimi ndugu yako, ambaye bado ni fundi,

Kamau

Ukiona naongeza chumvi, usiulize Arap Sang, yeye ni mpole atanitetea. Muulize Mama Chebet. Hanipendi, na atakuambia hata habari ya kofia.